Tangulia Majira: Mwaka Mmoja katika Makao ya Wazee ya Pwani

Makao ya wazee ya mwambao, yawe Welezo na Sebleni kule Unguja, Limbani Pemba au Nunge Kigamboni, yana kalenda mbili. Moja imetundikwa ukutani ofisini. Ya pili ni ya upepo na mvua: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, masika Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, kisha vuli Oktoba hadi Desemba. Mhudumu mgeni huifuata ile ya ofisini na kushangaa kwa nini wazee watatu wameanguka wiki moja.

Mwili wa kijana hupiga kelele ukikosa maji au ukipigwa na baridi. Wa mzee hunyamaza. Kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda, ngozi huchelewa kusikia baridi, na homa yenyewe huweza isipande hata malaria ikiwa damuni. Ukisubiri mzee aseme, umechelewa. Kwa hiyo kazi ya kila msimu ifanywe kabla msimu haujaingia, na katika siku zake, dalili zitafutwe bila kungoja kuambiwa.

Kabla ya kununua kalenda, waulizeni wazee wenyewe. Wapo, hasa wa kusini Unguja, wanaohesabu miongo ya siku kumi kumi tangu siku ya mwaka, yaani mwaka mpya wa jadi, na kujua masika yanakaa wapi.

Kaskazi: maji kwanza

Hakuna kazi kubwa kuliko hii katika miezi ya joto. Mzee asiyekunywa vya kutosha hasemi ana kiu. Huchanganyikiwa, hufunga choo, hupata kizunguzungu akisimama, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, kisha huanguka. Wengi hupelekwa hospitali kwa "kuanguka" wakati chanzo kilikuwa glasi nne za maji zilizokosekana jana yake.

Usimpime kwa kufinya ngozi ya mkono. Ngozi ya mzee imepoteza mvutano, ukiifinya hubaki imesimama hata kama ameshiba maji. Angalia kwapa na ulimi. Ingiza vidole kwapani: pakiwa pakavu kabisa mchana wa Januari, kuna tatizo. Ulimi wenye mistari ya kupasuka kwa urefu, na mate yanayovutika kama uzi, vinasema vivyo hivyo. Ongeza rangi ya mkojo na hali ya akili (je, leo amekosea jina la jirani yake wa kitanda?) na utakuwa umejua kabla ya kipimo chochote.

Lengo la kawaida ni glasi sita hadi nane za mililita 200, yaani kama lita moja na nusu kwa siku, na uji, chai, supu na tikiti maji vinahesabiwa humo. Kila mzee awe na chupa yake ya lita moja na nusu yenye jina. Ugawaji ndio unaokosewa. Wazee wengi hukataa maji kwa sababu moja tu, wanaogopa safari ya chooni usiku. Basi maji mengi yaingie kabla ya saa kumi jioni: glasi moja na dawa za alfajiri, mbili pamoja na kifungua kinywa, moja saa nne, moja au mbili chakula cha mchana, moja saa tisa. Baada ya magharibi iwe nusu glasi ya kumezea dawa tu.

Namna ya kutoa nayo ina uzito wake. "Bibi, utakunywa maji?" jibu lake ni "Sina kiu, mwanangu," na hapo umefungwa mlango. Keti kwanza, toa shikamoo, subiri marahaba, halafu weka glasi mkononi mwake: "Nimekuja na maji ya ndimu, tunywe wote." Glasi iwe nyepesi na isijazwe pomoni, mkono unaotetemeka humwaga, na aliyemwaga mara moja mbele za watu hatataka tena.

Wapo wasiopaswa kunywa hivyo. Mwenye moyo ulioshindwa kazi au figo mbovu ana kiwango alichopewa na daktari, na chupa yake ifungwe kitambaa chekundu ili hata mhudumu wa zamu asikosee. Mpime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, maji yanajaa mwilini, apelekwe kliniki. Dafu pia si la kila mtu. Lina potasiamu nyingi, na mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalapril, lisinopril au spironolactone, asipewe dafu kila siku bila daktari kujua.

Akiharisha siku ya joto, anza maji ya chumvichumvi mara moja: pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi, nayo imwagwe baada ya saa 24. Pakiti zikikosekana, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa lita moja. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kutompa kabisa, kwa hiyo onja: isizidi ladha ya machozi.

Dawa za presha zinazokojoza huwa kali zaidi joto likipanda. Mzee aliyekuwa sawa Agosti anaweza kuzimia Januari kwa kidonge kile kile. Usimkatie dawa wewe. Mpime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja hadi tatu, andika namba zote mbili, zipeleke kliniki. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, daktari anapaswa kuiona karatasi hiyo. Na kila anapoamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa sakafu, kwa dakika moja au mbili.

Chumba chenye mabati bila dari huwa tanuri kuanzia saa sita hadi saa kumi, na feni humo husukuma joto tu. Wahamishieni wazee chini ya mwembe au barazani upande wenye upepo, na kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa iwekwe shingoni na mikononi. Feni ikipuliza juu ya ngozi yenye unyevu ndipo inapofaa. Mikeka ikitundikwa chini ya mabati kama dari hupunguza ukali kwa gharama ndogo. Nguo ziwe za pamba. Dera la nailoni hupendeza, lakini huhifadhi jasho chini ya maziwa na kwenye mapaja, na baada ya wiki kuna fangasi.

Kwa asiyeweza kujigeuza, joto huleta vidonda vya mgongo haraka. Ageuzwe kila saa mbili, na mpira wa godoro ufunikwe shuka la pamba lililokunjuliwa vizuri, kwa kuwa mkunjo mmoja unatosha kuanzisha kidonda. Vitabu husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani: tumia mgongo wa kiganja chako kwenye makalio, visigino na nyonga, utafute mahali penye joto kuliko pembeni, pagumu au palipoiva rangi kuliko ngozi ya jirani. Pakiwa hivyo, mzee asilalie hapo tena mpaka parudi kawaida. Usipasugue.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, maana ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina. Umeme usipokuwa wa uhakika, tengeneza jokofu la chungu. Chukua vyungu viwili visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kidogo kiingie ndani ya kikubwa kikiacha nafasi ya vidole vitatu pande zote. Weka mchanga safi chini, kalisha kidogo, jaza mchanga pembeni, mwagia maji mpaka ulowe. Insulini iingie ndani kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, funika kwa kipande cha gunia kibichi, weka kivulini penye upepo. Mwagia maji asubuhi na jioni. Makosa ni mawili: kuweka chungu kabatini, ambako hakuna upepo wa kukausha maji, na kukiamini bila kipimajoto. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo baridi yake haifikii ya bara; weka kipimajoto ndani na uandike namba ya saa nane mchana kwa siku tatu kabla ya kutegemea.

Ramadhani ikiangukia kaskazi

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imeingia kwenye joto. Ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Mazungumzo yafanyike mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, si usiku wa kuandama mwezi. Mgonjwa na mkongwe asiyeweza ana ruhusa ya kutofunga na kulisha maskini kwa kila siku, lakini kwa mzee aliyefunga miaka 60 maneno hayo yakitoka kwa mhudumu kijana ni kama kuvuliwa heshima. Mwiteni sheikh amweleze mwenyewe.

Atakayefunga, dawa zake zipangwe na daktari mapema: za mara mbili huenda futari na daku, za mara tatu hubadilishwa, kipimo cha insulini hubadilishwa. Mwenye kisukari apimwe sukari mchana. Masheikh wengi wanasema kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 (mashine nyingine husoma 70) au kupanda zaidi ya 16.6 (300), afungue saa hiyo hiyo hata kama adhana imebaki nusu saa. Daku iliwe mwisho kabisa wa usiku, na futari isianze na tambi za sukari na kaimati; tende moja, maji, uji, kisha vingine.

Masika: sakafu, paa, mbu

Mwezi Februari, jua likiwa bado linawaka, ndipo paa lipandwe. Misumari ya mabati iliyolegea ikazwe au ibadilishwe pamoja na mipira yake. Majani ya mwembe yatolewe kwenye mifereji, kisha mwaga ndoo nzima ya maji upande mmoja uone kama yanatoka upande wa pili bila kutuama. Paa la makuti likaguliwe kutoka ndani mchana: kila nukta ya mwanga unayoiona ni ndoo utakayoitega Aprili. Mkaa na kuni vinunuliwe kabla ya mvua. Baadaye bei hupanda na mkaa hufika umelowa, ukakulipisha maji. Magunia ya unga na maharage yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Unga ulioota ukungu, hata ukichekechwa na kuanikwa, hauliwi. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Masika huvunja nyonga. Ukungu wa kijani huota kwenye saruji ya ukumbi, ngazi na njia ya chooni, na haugunduliki mpaka mtu ateleze. Kila Jumatatu na Alhamisi changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji, mwaga, acha dakika 10, sugua kwa brashi ngumu, suuza. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa moshi unaobana mapafu. Fanya kazi hii wazee wakiwa upande mwingine, na uweke benchi kuziba njia mpaka pakauke. Kibao cha maandishi hakitoshi kwa macho yenye mtoto wa jicho.

Kandambili zikusanywe zote zigeuzwe. Iliyolainika chini kama sahani itupwe siku hiyo hiyo, hata mwenyewe akilalamika bado nzima. Chooni pawe na mhimili wa kushika urefu wa sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, uliofungwa kwenye tofali kwa bolti. Bomba la taulo lililoshikizwa kwenye plasta litang'oka na mtu. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu, kimo cha sentimita 45, miguu ipanuke chini na ivalishwe mpira. Umeme hukatika sana wakati huu, kwa hiyo taa ya sola ibaki imewashwa njia yote ya chooni. Tochi ya mkononi humnyima mzee mkono mmoja wa kushikia ukuta.

Chandarua kina hatari yake: pindo linaloburura sakafuni humnasa mguu anayeamka usiku. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, na upande anaoshukia ufungwe fundo dogo la kitambaa cheupe, ili ajue kwa kupapasa ni wapi pa kufungulia. Kama mikono yake haiwezi kuchomeka tena, mhudumu wa usiku apite baada ya kila safari ya chooni.

Unguja na Pemba malaria imeshuka sana, na hapo ndipo mtego ulipo: watu wameacha kuifikiria. Mzee anaweza kuwa nayo bila homa ya kushikika. Ukiona ghafla hali chakula, analala mchana kutwa, anaongea ovyo au ameshindwa kusimama, apimwe siku hiyo, hata kipimajoto kikisoma 37. Usikubali jibu la "ni uzee tu." Uzee hauji kwa usiku mmoja.

Maji ya kisima wakati wa mvua yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo cha paketi na kusubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kwa sababu tope hula klorini.

Nguo ni adha ya kila siku. Zikianikwa chini au kwenye ua na kubaki mbichi, yupo nzi anayetaga humo, na buu lake huingia ngozini na kufanya jipu lenye tundu katikati. Anika kwenye kamba ndani ya ukumbi na upige pasi ya moto pande zote mbili, mishono na lastiki zisisahauliwe.

Na msisahau kwamba mvua hufunga watu ndani. Bao na keram zihamishiwe ukumbini, viti vipangwe nusu duara ili asiyesikia vizuri aone midomo, na redio izimwe watu wanapozungumza. Makelele ya mvua juu ya bati yanatosha.

Kipupwe

Watu wa pwani hucheka wakiambiwa wajihadhari na baridi, lakini mwembamba wa miaka 80 anayelala dirisha wazi upepo wa kusi ukivuma Julai huamka viungo vimekakamaa. Soksi, sweta jepesi na blanketi la pili vitoke sandukuni Mei, vianikwe juani kutoa harufu na wadudu. Nguo mbili nyepesi zinatunza joto kuliko moja nzito, na huvulika kwa urahisi. Makao ya Njombe au Lushoto yana hesabu nyingine kabisa. Huko blanketi tatu na kofia usiku si anasa.

Kuoga kuhamishwe kutoka alfajiri hadi saa tano. Beseni litiwe maji baridi kwanza, ya moto baadaye, na lijaribiwe kwa kiwiko cha mhudumu, miguu ya mwenye kisukari haisikii moto, anaweza kuungua akisema "bado ya baridi." Kwa sababu hiyo hiyo chupa ya maji ya moto isilazwe miguuni mwake. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, hata likiwa makaa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Presha hupanda kwa baridi, kwa hiyo rudia vipimo vile vya Januari na upeleke karatasi. Kiu hupungua zaidi sasa. Tangawizi, mchaimchai na supu ya samaki hushika nafasi ya maji. Samaki wenyewe huwa ghali maana bahari imechafuka. Dagaa waliokauka vizuri, waliosagwa na kutiwa kwenye mchuzi wa nazi, hulika hata kwa asiye na meno, bila hofu ya mwiba.

Vuli

Mvua zake ni fupi, hivyo orodha ya masika irudiwe kwa haraka mwishoni mwa Septemba: mifereji, ukungu, kandambili, vyandarua. Oktoba mosi ni siku ya wazee duniani na wageni huja na zawadi. Waelekezeni mapema. Keki na soda zinaishia kwenye mashine ya sukari. Kitakachotumika ni nepi za watu wazima, sabuni, kandambili mpya na betri za shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia.

Maembe yanaingia Novemba. Kumkataza mwenye kisukari embe kabisa ni kumfundisha kula kwa kujificha. Nusu ya dodo la kiasi, lililokatwa vipande, baada ya chakula na si tumbo likiwa tupu, na siku hiyo wali upungue kijiko kimoja cha kupakulia. Juisi ya embe hapana, kwa kuwa glasi moja hubeba maembe mawili bila mtu kujua. Asiye na meno akatiwe boribo, lina nyuzi chache; zile ndogo za kienyeji humkaba.

Wiki ya mwisho ya Novemba ngazi itolewe tena. Futa vumbi la feni kwa kitambaa kibichi, kaza skrubu za panga zake, iwashe kila moja kwa nusu saa usikilize. Inayoguguma ishushwe sasa, fundi bado hana foleni.